Sifa za Fuso Linalobana Mafuta

Wenye vigari vidogo hapa Bariadi hujisifu kwa kilomita wanazopata kwa lita moja. Mimi nina Fuso la dizeli na tela lake. Tumekuwa pamoja tangu Simiyu haijamegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, na sijasikia mtu akilisifu. Basi nalisifu mwenyewe.

Halina ubaguzi: likiwa na mzigo linakunywa, likirudi tupu linakunywa. Halina siri pia. Fundi nozeli ameniambia ule moshi mweusi ni dizeli ambayo haikuungua vizuri, kwa hiyo anayetaka kujua hela zangu zinakokwenda aangalie tu juu ya bomba. Honi inalia ikijisikia. Lilikunywa dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa miaka ile kabla ya kodi ya mafuta hayo kupandishwa 2011, likaua pampu, likapona.

Lakini sifa yake kuu ni kubana matumizi. Likisimama halinywi hata tone! Msimu wa pamba ukifunguliwa Mei linapakia Mwanhuzi, linafika kiwandani kwa mnunuzi, linaingia foleni. Siku ya kwanza: kilomita sifuri, lita sifuri. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu utingo anafua nguo na kuzianika kwenye tela, na tanki liko vilevile. Wajapani walioliunda wangeona rekodi hii wangelia kwa furaha. (Tanki liko karibu vilevile, maana usiku vidumu vya lita tano huota miguu.)

Hivi kweli, mnunuzi ambaye anajua mizani yake inapima magari mangapi kwa siku, kwa nini ayaite yote kwa mpigo? Analipa kwa tani, na pamba mbegu ni nyepesi: tela linafura hadi juu, tani hazijatimia, upepo uliobaki nausafirisha bure. Malipo ni "wiki ijayo", mpaka marobota yake yapate soko. Sheli hawana wiki ijayo. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inatangaza bei kikomo, nami nalipa taslimu. Yeye akija kulipa, anatumia bei tuliyopatana dizeli ikiwa chini.

Juzi karani wake kanipigia: "Mzee wangu, mbona gari halirudi kubeba?"

Nikamjibu liko getini kwenu, foleni haijasogea.

"Pole, mzee," akasema. "Ila hayo magari ya zamani yanakula sana mafuta. Ungetafuta jipya."