Futari Iliyokosa Mkato

Ramadhani ilimkuta binti yetu ana wiki chache tu kidato cha kwanza, shule ya serikali, na nyumba nzima ya Mtoni Mtongani ikiishi kwa saa za Kiingereza chake. Aliyelea mtoto wa umri huo anajua. Miaka saba amesoma kila kitu kwa Kiswahili, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii. Kiingereza wa rika lake walianza kukisoma darasa la tatu, kwa kuwa mtaala wa wakati ule uliwataka darasa la kwanza na la pili washike kwanza kusoma, kuandika na kuhesabu. Halafu Januari inaingia, anavaa sketi mpya, na vitabu karibu vyote vimebadilika lugha. Shule inaanza na kozi ya kuwavusha, wenyewe wanaiita besilaini. Ni sarufi, tahajia na alama za uandishi, mbio mbio, kabla baiolojia na jiografia hazijafunguliwa.

Mwalimu wao aliwaambia neno zuri: msikiache Kiingereza darasani, kitumieni nyumbani. Baba yake akalidaka. Akatangaza kwamba kila kinachoandikwa humu ndani, kuanzia zamu ya kuosha vyombo hadi orodha ya dukani, binti akiandike kwa Kiingereza. Bibi, yaani mama mkwe wangu, akaridhia kwa sharti kwamba yeye asisemeshwe.

Siku ya mkasa tulikuwa na wageni wa futari: wifi yangu na mumewe, wanao, na majirani wa nyumba ya pili. Nilipanga viazi vitamu vya nazi, wali, samaki ambao tayari nilikuwa nao, na chapati. Mikono yangu ilikuwa kwenye magamba ya samaki, nikamwita binti nikamtajia: mchele, nazi, mafuta, viazi vitamu, tangawizi, unga wa ngano. Akachana karatasi kwenye daftari la mazoezi, akaandika mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo: "rice coconut oil sweet potatoes ginger wheat flour". Karatasi ile ninayo mpaka leo. Hakuna herufi hata moja aliyokosea. Mkato pia haukuwepo hata mmoja. Mdogo wake wa darasa la tano akapewa karatasi, pesa na mfuko, na dada mtu akamkataza asiulize: asome mwenyewe, naye ajifunze.

Kijana alikawia. Aliporudi, jua lilikuwa limeshaanza kuzama na wageni wamekaa mkekani. Akatoa vitu kimoja kimoja. Mchele, sawa. Kichupa cha mafuta ya nazi, yale ya kupaka nywele. Pipi, fungu zima. Viazi mviringo kilo mbili. Tangawizi. Unga wa ngano. Nazi hakuna, mafuta ya kupikia hakuna, viazi vitamu hakuna.

Nataka hapa mtu amtendee haki yule mtoto, maana hakusoma ovyo. "Coconut oil" imeandikwa pamoja, naye mafuta ya nazi anayajua, anapakwa kila asubuhi akienda shule. Mangi, mwenye duka, alimuuliza kama anataka ya nywele, akajibu ndiyo. "Sweet" aliifundishwa kuwa ni pipi, na "potatoes" ni viazi. Kwenye mstari ule ule vitu viwili viliungana vikawa kimoja, na kitu kimoja kikakatika vikawa viwili. Kazi ya mkato ndiyo hiyo, kumwonyesha msomaji mahali pa kukata na mahali pa kuacha. Asipoonyeshwa atakata mwenyewe, kwa akili aliyo nayo.

Aliyetuokoa ni Bibi. Aliinuka bila neno, akaenda uani kwenye ndoo ya mihogo iliyokuwa imeletwa kutoka shamba Mkuranga, akaimenya kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa mtu wa umri wake, akatwanga karanga. Adhana ilipotoka watu walifungulia tende na uji wa pilipili manga, wakaswali, na waliporudi mihogo ya karanga ilikuwa inatokota. Viazi mviringo vilichemshwa vikaliwa na chachandu. Hakuna aliyelala njaa.

Shida ilikuja baada ya chakula. Wifi yangu aliiokota karatasi karibu na jiko, akaisoma kwa sauti mbele ya watu wote, kila neno akilivuta, na kila aliposhusha pumzi wageni wakacheka. Hakuwa na nia mbaya, namjua. Lakini binti alikuwa amesimama mlangoni ameshika sinia la vikombe. Aliliweka chini taratibu, akaingia chumbani, na usiku ule hakutoka tena.

Toka hapo hakuandika Kiingereza humu ndani. Ukimpa kalamu anakwambia ana kazi nyingi. Rafiki yake mmoja aliniambia kwamba hata darasani alikuwa ameacha kunyoosha mkono. Na hili ndilo linaloniuma kuliko futari yoyote. Mtoto aliyekosa alama katika zoezi atasahihishwa kwa kalamu nyekundu, atarudia, na atapata. Mtoto aliyechekwa na ukoo mzima atachagua kunyamaza, na lugha haifundishiki kwa anayenyamaza. Hata shule nyingi zimekosea hapa. Mtoto anavishwa kibao shingoni kwa kuwa kamwomba mwenzake rula kwa Kiswahili, halafu tunashangaa mbona anamaliza kidato cha nne hajui kuuliza swali. Nasema wazi kwamba kile kibao kiondolewe, kila mahali kilipo.

Nilikwenda kwa baba mdogo, mdogo wake baba mkwe wangu, aliyefundisha sekondari toka miaka ya themanini hadi alipostaafu. Kwanza alinipa historia, kama kawaida yake. Tume ya elimu ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari, kikianza na kidato cha kwanza mwaka 1985. Serikali ikaamua Kiingereza kibaki. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, wakapima wanafunzi wetu, wakakuta wengi hawana Kiingereza cha kuwatosha kusomea masomo mengine. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ikakirudisha Kiswahili kwenye maandishi, na madarasa yakabaki vilevile. "Wakubwa watabishana," akasema, "lakini huyu yuko kidato cha kwanza leo, na mtihani haumsubiri. Mlete."

Hakumgusia kabisa habari ya futari. Aliweka daftari mezani akasema tunafanya imla, na kijana wa darasa la tano naye akae. Neno la kwanza "knife". Kijana akaandika "naif". Baba mdogo akamwambia ameandika alichosikia, na kwa Kiswahili angepata alama zote, kwa sababu sisi tuna irabu tano na kila moja ina sauti yake. Waingereza wana herufi hizo hizo tano kwa sauti za irabu takriban 20, na tena maneno yao mengi yanaandikwa kama yalivyotamkwa zamani. Ile "k" ya mwanzo mababu zao waliitamka. Kijana akafurahi kupita kiasi. Akaanza kuzunguka chumba akisema "k-ni-fe, k-ni-fe", kisha "We-dne-sday", akiyasoma kwa Kiswahili kabisa. Baba mdogo akamwacha. Alisema wanafunzi wake wote walioijua tahajia waliiweka kichwani kwa njia hiyo, mdomo ukisoma Kiingereza na sikio likihifadhi Kiswahili. Binti aliyekuwa ameinamia daftari lake akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza toka siku ile.

Kilichofuata ni juu ya ile karatasi ya dukani, kwa namna nyingine. Baba mdogo alimpa binti sentensi ndefu zisizo na alama yoyote, akamwambia aziwekee mikato, kisha amkabidhi mdogo wake, naye afanye kama zilivyoandikwa. Leta kikombe, kijiko, sahani. Fungua mlango, zima taa, kaa. Mkato ukikaa vibaya, kijana anafanya vibaya, na wote wanaona pale pale. Mazoezi ya shule niliyoyaona yote yalikuwa ya kujaza nafasi: weka "is" au "are", weka "go" au "went". Yana faida, sikatai, mtoto asiyeyafanya ataandika "did went" hadi chuo kikuu. Lakini nafasi iliyojazwa haimtumi mtu popote. Orodha ya futari ndiyo ilikuwa maandishi ya kwanza ya Kiingereza ya binti yetu ambayo mtu aliyasoma akanyanyuka, akaenda, akatoa pesa. Siku ile alistahili kupongezwa kwa hilo kabla ya jingine lolote, na nilimwambia hivyo nilipompelekea maji chumbani, ingawa alikuwa amejifunika shuka.

Wifi yangu alikuja mwenyewe kumwomba radhi. Alisema na yeye aliacha shule kidato cha pili, kwa lugha hiyo hiyo. Walikaa uani muda mrefu, sikuwafuata.

Kuelekea Idi binti aliniuliza nani ataandika orodha. Nikamwambia kalamu ipo. Akaandika kila kitu kwenye mstari wake na kipimo pembeni, mikato mahali pake: "sugar, 3 kg", "cooking oil, 2 litres", "coconuts, 6". Kijana akaipokea, akaisoma yote kabla ya kuvaa kandambili, akasimama.

"Dada, 'flower' kilo mbili? Mangi anauza maua?"

Binti akaitazama karatasi, akapiga kelele, wakacheka wote wawili hadi Bibi akauliza kuna nini. Kisha akaifuta kwa mstari mmoja, akaandika "flour" juu yake, akamrudishia.

"Na hamira umesahau," kijana akasema.

"Hamira sijui spelingi yake."

"Basi niandikie kwa Kiswahili, duka linafungwa."