Kukwama Kwenye Asilimia 97

Tarehe 19 Novemba 2024 Microsoft ilitoa Flight Simulator 2024, na siku hiyohiyo marubani wa sebuleni duniani kote wakajifunza kwamba ndege inaweza kuchelewa hata kama haipo. Mstari wa kupakia ulisogea vizuri, ukafika asilimia 97, ukagoma. Waliovumilia hadi wakaingia walikuta baadhi ya ndege walizolipia hazionekani uwanjani. Wengi wa waliokwama hapo walikuwa watu wa Windows, mfumo wa mwenye simuleta mwenyewe, wakiwa na kompyuta zilizokidhi kila sharti lililoandikwa. Lakini chukua mtu mmoja wa Linux aliyekwama palepale, saa ileile, kwenye asilimia ileile. Shemeji yake akipita sebuleni atamwambia nini? Atamwambia, "Si ndiyo hiyo Linux yako." Mimi nadai kwamba mikosi mingi anayobebeshwa mtu anayecheza gemu mpya kwenye Linux ni mikosi ya upya wa gemu. Mikosi ya Linux yenyewe ipo, tena ina vituko vyake, ila shemeji haijui hata kwa sura.

Tuanze na ile asilimia 97, maana wenyewe walikiri. Toleo la 2020 lilidai nafasi ya gigabaiti 150 kwenye diski. Ulaya liliuzwa hata katika DVD 10, mzigo wa kutafutia mpagazi. Toleo la 2024 likapunguzwa hadi gigabaiti 50, na vilivyobaki, ardhi na hata ndege, vikawa vinaletwa kutoka kwenye seva kadiri mchezaji anavyovihitaji. Ni wazo zuri mpaka siku ambayo watu wote wanavihitaji kwa mpigo. Wakuu wa mradi, Jorg Neumann na Sebastian Wloch, walijitokeza kwenye video wakaomba radhi, wakaeleza kwamba seva zilikuwa zimejaribiwa kwa wachezaji 200,000 wa kubuni. Mchezaji wa kubuni ana adabu. Mchezaji wa kweli huzima na kuwasha upya kila baada ya dakika mbili huku akitukana. Na lile toleo la 2020 nalo lilikuwa na kioja chake: duka la Steam hurudisha fedha kama gemu imechezwa chini ya saa mbili, lakini simuleta hii ilikuwa ikipakua mzigo wake ikiwa imeshafunguliwa, kwa hiyo duka likauhesabu upakuaji kuwa uchezaji. Mwenye intaneti ya mwendo wa kobe aliweza kuzimaliza saa zake mbili kabla hajaona hata bawa.

Si simuleta peke yake. Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020, na siku nane baadaye Sony ikaiondoa kwenye duka la PlayStation kwa jinsi ilivyokuwa ikianguka. Haikurudi hadi Juni 2021. Kwenye Linux, wenye kadi za michoro za AMD walikuwa wakiicheza tangu siku ya kwanza. Elden Ring ilipotoka Februari 2022 ilikuwa ikigugumia kwenye Windows kila mchezaji alipoingia eneo jipya, na wahandisi wa Valve, kampuni yenye duka la Steam, wakaitafutia dawa upande wa Linux kwanza. Utasema nimechagua mifano inayonifaa. Nimechagua, ndiyo; wakili gani hupeleka mahakamani mashahidi wa upande wa pili? Lakini kuna kipimo kisichotegemea mifano yangu. Kama kosa lingekuwa la Linux, gemu za zamani za Windows zingeitesa kuliko hizi mpya, kwa kuwa hakuna tena anayezitengeneza. Hali ni kinyume. Gemu za biti 16 za mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambazo Windows ya biti 64 imezikana kabisa kama mzazi aliyemwachia mtoto radhi, kwenye Linux bado hupokelewa na kupewa kiti. Taabu hufuata upya, na upya haubagui mfumo.

Hapo inafaa kueleza anayezipokea ni nani. Gemu nyingi huandikwa kwa ajili ya Windows, na huzungumza na kadi ya michoro kwa lugha ya Direct3D. Linux hupendelea Vulkan. Pande mbili zisizosikilizana, na kila moja ina kiburi chake, zinahitaji mshenga. Na mshenga huyo ni Wine, ambayo Valve iliivika suti mpya mwezi Agosti 2018 na kuiita Proton. Jina Wine ni kifupi cha maneno yanayokana kwamba yenyewe ni programu ya kuigiza mashine, na ukanusho huo ni wa haki: mshenga hajifanyi bwana harusi, hufikisha maneno tu katika lugha ambayo upande wa pili utaikubali. Kazi ilianza mwaka 1993 na toleo la 1.0 likatoka mwaka 2008, uchumba wa miaka 15 ambao wazee wengi wangeshauvunja. Na kama washenga wote, huyu hasemi ukweli wote. Gemu ikiuliza diski C iko wapi, huonyeshwa folda iliyoitwa drive_c. Ikiuliza mwenye nyumba ni nani, Proton hujibu "steamuser". Awe Juma wa Tanga au Svetlana wa Moscow, gemu inamjua kwa jina hilo moja, na ndoa inafungwa.

Mikosi ya kweli ya Linux imo humu, kwenye posa, na mingi ni ya kuchekesha kuliko kuumiza. Kuna zile video za katikati ya hadithi. Baadhi yake zimebanwa kwa njia zinazolindwa na hataza, na mshenga hana ruhusa ya kuzifungua. Basi mahali pake huweka mistari ya rangi, kama ile ya televisheni ya zamani kabla vipindi havijaanza. Baba wa shujaa anakata roho, ana siri ya kumwambia mwanawe, muziki umeshapanda, na wewe unatazama mistari ya rangi. Siri hutaijua, ingawa kilio utakisikia. Kuna na sheda, vile vijiprogramu vinavyoiambia kadi namna ya kupaka mwanga na kivuli, ambavyo Steam huvitayarisha mapema kwa mstari unaokwenda kwa mwendo wa maharage yasiyolowekwa. Halafu kuna sauti inayoamua kutokea kwenye skrini isiyo na spika. Haya yote ni ya Linux, sikatai, na shemeji akiyataja nitanyamaza. Ila hayataji, kwa sababu akili yake iko kwenye asilimia 97.

Wapenzi wa simuleta za ndege ndio wanaolalamika zaidi, na hao ndio ninaowaelewa kidogo kuliko wote. Mpenzi wa kweli hununua ndege ya ziada, pengine kwa bei ya gemu nzima, na sifa yake kuu ni kwamba haiwaki haraka. Hujivunia kuianza ikiwa baridi na giza: betri, pampu za mafuta, taa, vipimo, kila swichi kwa zamu yake, nusu saa imekwisha na magurudumu hayajabiringika. Kisha mtu huyohuyo akiombwa abadilishe toleo la Proton kabla ya kuruka, anasema hana muda. Mwongeze hatua hiyo kwenye orodha ya ukaguzi, kati ya pampu na taa, hataiona. Isitoshe, ana ndege zisizohitaji mshenga. X-Plane ya Laminar Research, iliyoanza mwaka 1995 na ambayo hupiga hesabu ya nguvu ya hewa kwa kila kipande cha bawa, ina toleo lake la Linux. FlightGear ni ya bure tangu mwaka 1997, chanzo chake kiko wazi. Imekuwa ya bure kiasi kwamba wajanja waliwahi kuibadilisha jina na kuiuza kwa wasiojua.

Shemeji, ambaye si mjinga hata kidogo, hujibu kwamba FlightGear haimwonyeshi bati la nyumbani kwao. Amesema kweli. Simuleta ya Microsoft huchukua picha za ramani za Bing na kuufunika ulimwengu mzima, na mtu anayetaka kuruka juu ya mtaa wake hawezi kuridhishwa na hesabu ya bawa. Toleo la 2020 huruka kwenye Linux kupitia Proton, lakini siwezi kumwahidi kwamba kila kifaa alichonunua kitamfuata. Jostiki na kanyagio kwa kawaida hutambuliwa zikichomekwa tu. Programu za kuzipangia taa na vitufe mara nyingi ni za Windows pekee, na kifaa cha kufuata mwendo wa kichwa kinaweza kumfanya rubani atazame dari huku ndege inatua. Kwa hilo shemeji apewe pointi yake.

Apewe pia, kwa nusu, pointi ya mlinzi. Gemu za mashindano huja na programu za kuzuia udanganyifu, na nyingi kati yake hudai kukaa ndani ya kiini cha mfumo. Ni kama kuajiri mlinzi wa geti, naye siku ya kwanza akaomba ufunguo wa chumba cha kulala. Windows humpa. Kwenye Linux hakuna mlango wa namna hiyo, na wenye gemu wanasema, kwa hoja yenye uzito, kwamba mtu anayeweza kukiandika upya kiini cha mfumo wake anaweza kumdanganya mlinzi yeyote. Nakubali. Nisichokubali ni kuliita tatizo hili la kiufundi. Easy Anti-Cheat na BattlEye, walinzi wawili wakubwa, walitangaza mwaka 2021 kwamba wanaweza kufanya kazi na Proton. Kilichobaki ni mwenye gemu kuridhia. Apex Legends iliridhia mwaka 2022, watu wakacheza, kisha tarehe 31 Oktoba 2024 ikawafungia mlango wote wa Linux. Kompyuta zilikuwa zilezile, mshenga yuleyule, ila wakwe walibadili nia. Simuleta za ndege, kwa bahati, hazina udhia huu. Hakuna anayedanganya ili aonekane ametua Kilimanjaro.

Kinachoitesa Linux hasa, kwa maoni yangu, ni wingi wa vya kushika. Mtu wa Windows akikwama hukaa, hulalamika, husubiri marekebisho, hulala. Mtu wa Linux ana matoleo kumi ya Proton, draiva mbili, na kile kisanduku cha Steam cha kuandika amri za kuanzishia gemu. Kisanduku hicho kimekuwa hirizi. Maneno yake hunakiliwa kutoka kwa mtu aliyenakili kwa mwingine, hakuna anayejua kila neno linafanya nini, na hakuna anayethubutu kulivua. Mfumo mmojawapo maarufu unaitwa Ubuntu, ndugu wa damu wa neno letu utu, na utu kweli upo: mgeni akiuliza swali moja, watu kumi na wawili watampa dawa kumi na mbili. Atazitumia zote usiku uleule. Asubuhi gemu inawaka, kwa sababu usiku watengenezaji walirekebisha seva zao, na yeye ataishi miaka mitano akiamini kwamba ilikuwa ile dawa ya saba. Ndivyo lawama na sifa zinavyokwenda kwa wasiostahili, na ndivyo shemeji anavyopata ushahidi wake: kila akipita, anamkuta mtu amechutama nyuma ya kompyuta.

Pingamizi la mwisho ndilo linalosemwa kwa sauti ya busara zaidi: kwa nini usiweke mifumo yote miwili kwenye kompyuta moja, Linux ya kuishi na Windows ya gemu mpya? Kwa Kiswahili mpango huo una jina, unaitwa nyumba ndogo, na gharama zake zinafahamika. Windows inayotembelewa mara moja kwa mwezi hukupokea kwa madai ya mwezi mzima: sasisho hili, kisha lile, kisha zima na uwashe, na jioni uliyoitenga kwa ajili ya kuruka inakwisha ukitazama kiduara kinazunguka. Na kuna uwezekano ikaja kukuharibia nyumba kubwa. Agosti 2024 sasisho la usalama la Windows, ambalo halikukusudiwa kugusa kompyuta zenye mifumo miwili, lilizigusa, na baadhi ya watu wakaamka wakakuta Linux yao haiwaki kabisa, kitasa kimebadilishwa wakiwa ndani. Microsoft ilitoa njia ya kukwepa tatizo hilo mapema, lakini suluhisho lenyewe lilikuja Mei 2025. Hesabu miezi.