Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Aliyezama

Kwako Mheshimiwa, Mkubwa Wetu, Mlezi wa Ufukwe na Baba wa Ahadi,

Shikamoo. Na shikamoo tena, endapo ile ya kwanza imepokelewa na msaidizi wako. Jina lako sithubutu kulitaja, wala cheo chako, maana kinywa changu kimejaa chumvi ya bahari. Barua hii ikikufikia utajitambua. Isipokufikia, itakuwa imewafuata wenzake watano waliotangulia.

YAH: KUONEKANA KWAKO

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni nahodha wa boti ya faiba, mkazi wa pwani ya Kinondoni. Nawapeleka wageni visiwa vya Mbudya na Bongoyo, wakaogelee, wale changu wa kuchoma, warudi kabla kusi haijachafua bahari. Kati ya Julai na Novemba, mwenye bahati huonyeshwa nyangumi wa nundu akipita nje ya visiwa. Kiumbe huyo, ambaye kamwe siwezi kumlinganisha nawe, hutoka kwenye maji ya barafu kule Antaktika, maelfu ya kilomita, akaja kuzaa huku kwenye uvuguvugu. Muda wote akiwa kwetu, hali karibu chochote. Anaishi kwa mafuta ya mwili wake. Nilimsimulia haya mzee mmoja wa diko letu, akauliza kama kweli mnyama huyo ni mkubwa. Nikamwambia ni mkubwa, anafika mita 15. Akaguna: "Mkubwa gani anayekuja kwa watu bila kupikiwa pilau?" Namwombea radhi, Mheshimiwa. Uzee una mambo yake.

Naomba nitumie fursa hii adhimu kukushukuru kwa gati. Tunakumbuka ulivyofika mwenyewe, ukavua miwani, ukaweka jiwe la msingi. Gati lenyewe halijaja, na hilo nalo tunalishukuru, maana vijana wawili wamepata ajira ya kubeba wageni mgongoni hadi kwenye boti. Lakini jiwe, Mheshimiwa! Zamani pweza tulimpigia kwenye mwamba wenye makali, akachanika ovyo. Sasa tunampigia juu ya marumaru, palepale lilipochongwa jina lako. Herufi tatu za mwanzo zimeshafutika, ila pweza analainika vizuri sana, na kila anayemla anakutaja, kwa kadiri herufi zilizobaki zinavyomruhusu.

Nakushukuru vilevile kwa vibali. Boti yangu ina urefu wa futi 23, na karatasi zake zikiungwa zinaipita. Kila ofisi inanikabidhi kwa jirani yake kwa upole usio kifani, hata magoti yangu yamezijua ngazi zote za mjini. Ya choo, taa na maboya ya kuokolea tuliyoahidiwa siku ileile ya jiwe sitayagusa, nisije nikaonekana nadai.

Kazi hii, Mheshimiwa, imenifundisha adabu ya kutazama wakubwa. Nyangumi hafukuzwi, wala hakatiziwi njia. Unapunguza injini, unakaa pembeni, unangoja pumzi yake ipande juu kama moshi. Nawe tulikutazama hivyohivyo: tuliona vumbi, tukasikia king'ora, ikaibuka kofia, halafu ukazama garini. Nyangumi akizama huinua mkia, na mabaka ya chini ya mkia wake hayafanani na ya mwingine yeyote; wataalamu huyapiga picha ili wamtambue akirudi. Sisi picha tuliyojaliwa ni ya kisogo chako. Tumeitunza. Kila likipita gari jeusi tunaitoa, tunalinganisha.

Nakiri nilishaanza kukata tamaa, nikidhani umehama, mpaka nikasikia habari za kisiwa cha Mafia. Kule Kilindoni kuna papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayeonekana majira ya kaskazi, tangu Oktoba hadi Machi, kisha anapotea. Watu wakasema amekwenda zake. Watafiti wakawafunga potwe vifaa vya kutoa mlio, wakatega vipokezi majini, na majibu yakachapishwa mwaka 2015: wengi hawakuwa wamekwenda popote. Walikuwa jirani tu, wamesogea kwenye kina, mahali ambapo jicho la mvuvi haliwafikii.

Mheshimiwa, niliposikia hivyo nilitubu. Kumbe miaka yote hii inawezekana upo!

Ndiyo maana naleta ombi langu, nikiwa nimepiga magoti ndani ya boti, jambo lisilo rahisi, kwani inavuja. Naomba ridhaa yako tukufunge kifaa. Ni kidogo mno. Potwe hubandikwa mwilini. Kwako tunapendekeza koti, bega la kushoto, jirani na beji ya bendera, ili kisiharibu mshono. Vipokezi tutavitega vitatu: kimoja penye jiwe, kimoja mlangoni mwa ofisi yako, na cha tatu popote panapokatwa keki. Viwili vya kwanza hatuvitarajii kulia, tutaviweka kwa heshima tu.

Kikilia cha tatu, nitawapakia wageni nije taratibu, injini chini, nikae umbali wa mita 100, bila kukukatizia njia na bila kukutupia chakula. Nusu ya nauli tutaiweka kwenye mfuko wa gati. Mgeni asipokuona tutamrudishia fedha zake, au tumwonyeshe nyangumi kama fidia.

Najua una mengi, wala jibu silitegemei. Usipojibu tutahesabu umekubali. Potwe nao hawakujibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Nahodha

Kiambatisho: picha ya kisogo, nakala 1. Tafadhali thibitisha kama ni chako.