Sifa za Gari Lililoziba Geti

Watu wa Miburani na Chang'ombe hawana haja ya kusoma ratiba ya Bodi ya Ligi. Siku ya Simba na Yanga, adhuhuri haijaadhiniwa, IST ya rangi ya fedha imeshasimama mbele ya geti la mtu, vioo juu, milango imefungwa, na mwenyewe anaonekana kwa mbali akikata mitaa kuelekea Uwanja wa Benjamin Mkapa, jezi mgongoni na vuvuzela mkononi. Mpira ni saa 11 jioni. Gari limewahi kuliko wachezaji, limewahi kuliko refa, na litakuwa la mwisho kuondoka.

Gari hili limetukanwa mno. Limeandikwa kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha nyuma maneno yasiyochapika hapa, limetolewa upepo, limemwagiwa maji yaliyooshewa dagaa. Hakuna aliyekaa chini akalitungia sifa zake, na katika fasihi iliyokwisha kusifu hadi mnazi, pengo hilo ni la aibu.

Basi lianze kusifiwa kwa uaminifu. Mei 8, 2021, watani wa jadi walipangiwa kucheza saa 11 jioni. Siku hiyohiyo muda ukasogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga wakafika kwa saa ya zamani, wakaingia uwanjani, wakaondoka. Simba wakafika kwa saa mpya, wakakosa wa kucheza naye. Mchezo ukaja kuchezwa Julai 3. Miaka minne haijatimia, Machi 8, 2025, kisa kikajirudia kwa sura nyingine: Simba walilalamika kwamba wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani jioni ya kuamkia mechi, wakasema hawachezi, na Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo siku yenyewe ya mchezo, mashabiki wa mikoani wakiwa wameshaingia mjini. Ukachezwa Juni 25, Jumatano, siku ya kazi. Mwenye akili na apime. Mara mbili bodi imeshindwa kuleta mechi, timu zimeshindwa kuleta mechi, waamuzi wamebaki na filimbi zao mfukoni. Gari la getini halijashindwa. Lilikuja mechi ilipoahirishwa, likaja tena iliporudishwa, na wala halikudai nauli.

Liko pia suala la mgawanyo wa keki ya taifa. Magazeti huiita mechi hii Dabi ya Kariakoo, kwa sababu Simba wana makao yao Mtaa wa Msimbazi na Yanga wako Jangwani, mwendo wa miguu tu baina yao. Kariakoo ikapewa jina, Temeke ikapewa magari. Hakuna kikao kilichoamua hivyo, lakini mkazi wa Chang'ombe anayeuliza yeye amepata nini katika utani huu mkubwa kuliko wote nchini anaweza kutoka nje akaliona fungu lake. Amegawiwa lile linaloshikika.

Eneo lenyewe lilizoea umati zamani. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, bendera ya Tanganyika ilipandishwa katika uwanja wa jirani, ambao leo ni Uhuru. Magari ya watu binafsi yalikuwa machache, kwa hiyo wakazi wa siku zile walipata uhuru bila kuzibiwa geti, na huenda hawakujua wanachokosa. Mwaka 2007 ukafunguliwa uwanja mpya wa watu 60,000, uliojengwa na wakandarasi wa Kichina, na mwaka 2020, Rais mstaafu Benjamin Mkapa alipofariki, ukapewa jina lake. Viti vilihesabiwa vizuri. Hesabu ya wapi wenye viti hivyo wataacha magari yao ikaachiwa majirani.

Nao majirani wakaipiga. Ikichukuliwa kwamba mtu mmoja tu katika kumi amekuja na gari binafsi, na kila gari limebeba wanne, hayo ni magari 1,500. IST haifiki urefu wa mita 4; zikipangwa pua kwa mkia bila kuacha nafasi ya paka kupita, ni foleni ya karibu kilomita 6. Uwanja una eneo lake la kuegesha, ila siku ya dabi hujaa mapema, na kilomita zinazobaki hukunjwa, zikapenyezwa katika vichochoro vya watu waliojenga wakidhani wamejenga mtaa wa kuishi.

Wanaodhani gari hili huletwa kwa ufidhuli hawajamsikia dereva wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hilo gari ni la kwako?"

"Ndiyo mama. Naomba niliache hapa, dakika tisini tu."

Mama akishaitikia marahaba, vita imekwisha. Mtoto aliyemwamkia hawezi kumfukuza, na hata akitaka, jezi yake ni ya timu ya marehemu mumewe. Ama dakika tisini zenyewe, ni muujiza wa hesabu: huanza saa 6 mchana, hupitia foleni ya kuingia na N-Card isiyosoma, mapumziko, dakika za nyongeza, mishkaki ya baada ya mechi na ubishi kuhusu penalti, na hutimia saa 3 usiku. Mama wakati huo ameshaswali isha na amelala. Wa kuamshwa na honi yupo.

Ndani ya uwanja watani hutenganishwa: wekundu kwao, njano na kijani kwao, polisi katikati. Mtaani hakuna wa kutenganisha bampa. Noah yenye skafu ya Yanga kwenye kioo imebanwa na Alphard yenye bendera ya Mnyama, na hakuna itakayotoka bila hisani ya mwenzake. Tena hakuna cheo. Gari namba E la mkurugenzi na pikapu namba A ya muuza mbao vimelala ukuta mmoja, kila moja limeziba kwa kiwango chake. Vyama vya siasa vimehubiri usawa huo miaka mingi bila kuufikia.

Wapo madereva waungwana ambao huandika namba ya simu kwenye karatasi wakaiacha juu ya dashibodi. Uungwana huo haukosi ladha. Msikitini gari likiziba njia hutangazwa kwa kipaza sauti, harusini MC hulitangaza kati ya keki na zawadi, na mwenyewe hutoka kwa aibu akiwa ameinamisha kichwa. Kwa Mkapa simu huita, ikaita, ikaita, katikati ya watu elfu sitini wanaopuliza na kuimba. Ikipokelewa, kinachosikika ni kelele za bao, na mwenye nyumba, ambaye televisheni yake huchelewa sekunde chache, anajua matokeo kabla ya jirani yake. Huduma hiyo hailipiwi king'amuzi.

Wakorofi huuliza: na bajaji iliyombeba mjamzito je? Na gari la zimamoto? Maswali ya namna hii huvuruga shairi la sifa. Lakini mtaa umeyajibu kwa njia yake. Mjamzito huteremshwa, hushikwa huku na huku, hutembezwa hadi barabara kubwa. Hospitali ya Temeke haiko mbali, watu husema, na ni kweli haiko mbali kwa mtu asiye na uchungu. Kuhusu zimamoto, mtaa unaomba moto uzingatie ratiba.

Na vijana hupata mafunzo. Gari lililoachwa nyutro, breki ya mkono chini, husukumwa na wanne likasogea kiasi cha kumpitisha mwenye nyumba. Lililofungwa gia ni somo la juu zaidi: wanane, mmoja kila pembe na wengine ubavuni, "moja, mbili, inua!", na IST inahamishwa kama kabati la marehemu. Mtaa ambao hauelewani juu ya nani azibue mtaro huelewana hapo, ndani ya dakika moja, bila mjumbe wala muhtasari.

Lakini utajiri wenyewe uko kwenye geti lililofunguliwa. Siku hiyo kamba za nguo huteremshwa, kuku hufungiwa, pipa la maji husogezwa, na uani mwa familia hupatikana nafasi ya magari manne, matano kama mti wa mwembe hautalalamika. Kijana husimama njiani na kitambaa: "Njoo bosi, njoo, kata kulia, kata, hapohapo, zima!" TARURA hutoza maegesho ya barabarani kwa mfumo wa kielektroniki na namba ya malipo. Kijana wa Chang'ombe naye ana mfumo. Hutazama rimu, hutazama saa ya mkononi, hutazama kama dereva kaja na watoto, ndipo hutaja bei. Mwenye Kirikuu huachiwa kwa bei ya ujirani. Mwenye V8 huelezwa juu ya ugumu wa maisha.

Wazungu wamechukua elimu hii wakaifanya kampuni. Mwingereza Anthony Eskinazi alihangaika kutafuta pa kuegesha karibu na uwanja wa besiboli wa San Francisco, akiwa amezungukwa na nyumba zenye nafasi tupu, na mwaka 2006 akaanzisha huduma ya kukodisha nafasi za majumbani ambayo leo inaitwa JustPark. Inahitaji intaneti, kadi ya benki na masharti marefu. Ya Chang'ombe inahitaji kitambaa.

Wa kuonewa huruma ni wakazi wa Brent, kaskazini-magharibi mwa London, wanaoizunguka Wembley na viti vyake 90,000. Halmashauri yao imeweka eneo la siku za matukio, mabango yamesimikwa mitaani, na siku ya fainali barabara huwa za wenye vibali tu. Asiye na kibali huandikiwa faini. Mtu anaamka siku ya mechi, anafungua mlango, anaona lami. Hakuna wa kumwamkia.

Marekani mambo yalichunguzwa hadi chuo kikuu. Profesa Donald Shoup wa UCLA aliandika mwaka 2005 kitabu cha zaidi ya kurasa 700 akieleza kwamba maegesho ya bure hayapo: asipolipa mwenye gari, yupo mwingine anayelipa. Kurasa zote hizo zingeweza kufupishwa na mama yeyote wa Miburani aliyewahi kusimama nje na mikoba ya soko akitazama geti lake mwenyewe asiweze kulifungua.

Hata hivyo sifa kuu ya gari hili ni kwamba limelinda heshima ya soka. Novemba 5, 2023, Simba na Yanga walikwenda mapumziko 1-1. Kipindi cha pili Yanga wakafunga la pili, la tatu, la nne. Katika nchi nyingine, shabiki wa Simba angeinuka hapo, akashuka ngazi, akawasha gari na kuwa nyumbani kabla ya aibu kukamilika. Miburani haiwezekani. Gari lake liko ndani kabisa ya kichochoro, mbele yake Spacio, nyuma yake Coaster iliyotoka Morogoro, na funguo za zote mbili ziko mifukoni mwa watu wanaocheza ngoma upande wa kijani na njano. Akakaa. Akaona la tano, la penalti. Kwa miaka mashabiki wa Simba waliwatisha wageni kwa kauli yao ya "Kwa Mkapa hatoki mtu", na siku hiyo maegesho yaliitimiza kwa wenyewe. Walitoka mmoja mmoja, kwa utaratibu uliopangwa na waliowafunga, baada ya kusikiliza nyimbo zote.

Mbele kuna hatari. Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa AFCON 2027 kwa pamoja, na waandaaji wa mashindano makubwa wana tabia ya kufunga barabara, kutoa stika za magari na kuwapandisha watu mabasi. Mwelekeo huo ukishika, uhusiano wa gari na geti unaweza kukatika kwa mwezi mzima. Arusha, wanaojengewa uwanja wa watu 30,000, na jirani za Barabara ya Ngong jijini Nairobi, ambako unajengwa Talanta wa 60,000, bado hawajaonja hata siku moja, na ingekuwa dhuluma waanze na kuishia na vizuizi vya polisi.

Miburani wao wameanza maandalizi vikaoni, yaani kwenye kahawa. Inakubalika kwamba wageni watakuja kwa barabara, kupitia Namanga, Horohoro na Mutukula, na usukani wao uko kulia kama wa hapa, kwa hiyo "kata kulia" itaeleweka. Kitendawili ni simu. Karatasi ya dashibodi itakuwa na namba inayoanza na +254 au +256, na kumwita mtu aje atoe gari getini itakuwa simu ya kimataifa, inayopigwa kwa mtu aliye umbali wa mita mia tatu. Baadhi wanataka gharama hiyo ijumlishwe kwenye bei ya kupaki tangu mwanzo. Wengine wanasema wageni waamkie tu kwanza, mengine yatajadiliwa.