Paka wa Mpakani

Paka wa manyoya marefu anayeonekana katika mitaa ya Tunduma, mkoani Songwe, ni paka wa kienyeji aliyezaliwa na paka wa kienyeji, ila mkia wake ni kama brashi ya kuoshea chupa za chai, shingo imevaa skafu mwaka mzima, na masikio yameota vishungi nchani. Kwa sura hiyo huitwa Maine Coon. Jina lenyewe limekuja na simu za mkononi, hutamkwa “menkuni”, na hakosekani mtaalamu wake kijiweni. Mtaalamu huyo hutazama kwanza paji la uso kutafuta alama ya herufi M, ambayo husemwa kuwa ndiyo muhuri wa ukoo. Alama hiyo anayo kila paka wa milia, hata yule anayelala karibu na jiko la mama ntilie.

Maine Coon wa kweli ni wa jimbo la Maine, pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani, kwenye theluji inayohitaji koti la namna hiyo. Dume aliyekomaa huwa na kilo 6 hadi 8, na wapo wanaozidi. Mwaka 1895 jike mmoja aitwaye Cosey alitwaa ushindi katika maonyesho ya paka jijini New York. Mwaka 1985 jimbo likamtangaza Maine Coon kuwa paka wake rasmi. Na mwaka 2010 dume aitwaye Stewie alipimwa sentimita 123 kutoka pua hadi ncha ya mkia. Paka wa kiasi hicho akijilaza kwenye benchi la mgahawa, mteja wa tatu anakula amesimama. Neno “Coon” ni kifupi cha jina la rakuni, mnyama wa huko mwenye mkia wa pete, kwa sababu watu wa zamani walisimulia kwamba paka na rakuni walizaa pamoja. Jambo hilo haliwezekani, lakini linaonyesha kwamba kumtungia paka ukoo hakukuanzia Songwe.

Tunduma, hata hivyo, ina sababu zake. Huu ni mji wa karatasi. Malori ya shaba kutoka Zambia na Kongo hushuka hapa kuelekea Dar es Salaam, ya mafuta na bidhaa hupanda, na tangu 2019 Tanzania na Zambia zina kituo cha pamoja cha forodha ambamo kila mzigo huulizwa ulikotoka na unakokwenda. Mahali ambapo hata maharage yana hati, paka mkubwa asiye na hati huwasumbua watu. Hivyo hupewa asili kwa makisio. Wapo wanaosema aliruka kutoka kwenye lori la Lubumbashi utingo akiwa amelala. Wapo wanaosema alishuka kwenye treni ya TAZARA. Wengine husema aliachwa na Wazungu waliokuja kutazama kimondo cha Mbozi pale Ndolezi. Kimondo chenyewe kina uzito wa tani nyingi, nacho pia kilifika bila hati, na hakuna aliyekidai.

Maelezo halisi hayahitaji lori wala treni. Urefu wa manyoya ya paka hutegemea jeni iitwayo FGF5, na kazi yake ni ya nyapara: huuambia unywele kwamba imetosha, acha kukua. Jeni ikiwa na hitilafu, nyapara hunyamaza na unywele huendelea. Lakini kila paka hurithi nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba, na nakala moja nzima yatosha kusimamia kazi. Ndiyo maana hitilafu hiyo hupita kimya kizazi hadi kizazi, ndani ya paka wenye manyoya mafupi wasio na habari nayo, mpaka usiku ambapo shume aliyeibeba atakutana na jike aliyeibeba juu ya paa la bati. Hapo kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuzaliwa na shungi. Zaidi ya hayo, jike aweza kushika mimba za mashume wawili au watatu katika joto moja, hivyo ndugu wa tumbo moja huwa na baba tofauti na huachwa wakitazamana kwa mashaka. Duniani kote paka wengi wa manyoya marefu hawana ukoo wowote ulioandikwa. Ukoo ni cheti, na cheti hakioti mgongoni.

Inafaa kutaja hapa kwamba Afrika Mashariki ina paka wake mwenye cheti. Ni Sokoke, wa msitu wa Arabuko-Sokoke katika pwani ya Kenya, ambaye Wagiriama humwita khadzonzo. Mwaka 1978 Jeni Slater (jina lake halina uhusiano na jeni za aya iliyotangulia) alichukua watoto wa paka hao karibu na Watamu na kuanza kuwafuga. Baadaye wengine walipelekwa Denmark. Sokoke ni mwembamba, mwenye manyoya mafupi yaliyolala na madoa kama mbao iliyopigwa randa. Akipita Tunduma hakuna atakayegeuza shingo.

Misukosuko ya kumfuga paka wa manyoya huanzia kwenye mizani. Mwenye paka mmoja, ambaye ndiye anayeandika maelezo haya, alihakikishiwa na dalali wa mtaani kwamba paka wake ni “kilo nane kasoro, bosi, macho yangu hayajawahi kudanganya.” Paka, aliyeitwa Simba kwa sababu ya shingo yake, alipelekwa kwenye mizani ya muuza maharage. Sindano ilisimama kwenye kilo tatu na nusu. Muuza maharage aligonga mizani kwa kiganja, akapima tena, kisha akasema kwa upole, “Mzee, hapa umeleta sufi.”

Mvua humaliza ubishi uliobakia. Tunduma iko juu, na Juni na Julai baridi yake humfanya paka wa manyoya aonekane mwenye akili kuliko majirani wote. Lakini kuanzia Novemba matope huanza, na paka aliyeloa hubaki masikio, macho na lawama. Mvua zikiisha huja zamu ya kishona nguo. Mbegu zake, ambazo binadamu huzitoa kwenye soksi kwa dakika tano, hukaa kwenye tumbo la paka na kusokota manyoya kuwa mafundo magumu. Kitana hakiingii. Dawa ni mkasi, mtu wa kumshika, na mikono mirefu ya sweta. Baada ya kukatwa, paka hufanana na zulia lililopitiwa na panya, na kwa mwezi mzima haitwi menkuni na mtu yeyote.

Usiku tatizo ni jingine. Kwenye ghala la mahindi, mlinzi anayeona kivuli chenye shingo ya simba hafikirii habari za FGF5. Yuko aliyekimbia na kuacha tochi, viatu na zamu. Panya nao hawana haja ya kukimbia, kwa kuwa mkia ule huwatangulizia salamu.

Kuhusu mpaka wenyewe, Tunduma na Nakonde ya Zambia zimegusana, na paka hula dagaa upande huu na kapenta upande ule, ambao ni samaki wadogo walewale kwa lugha ya pili. Vichochoro visivyo rasmi vya kuvukia huitwa njia za panya, na katika wote wanaovitumia, paka pekee ndiye mwenye sababu inayoeleweka.

Ilikuwa ni katika safari hizo Simba alirudi mjamzito. Manyoya huficha mengi zaidi ya uzito. Bwana mifugo, aliyekuja kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, alifuta neno “dume” kwenye kadi bila kutoa maoni, na pale palipotakiwa kuandikwa aina akaandika “paka”. Dalali aliona biashara. Alikusanya advansi za watoto wanne, mojawapo kwa kwacha kutoka kwa mfanyabiashara wa Nakonde aliyetaka mmoja wa kuweka kaunta.

Watoto walizaliwa watano, wote wenye manyoya mafupi kama suruali iliyopigwa pasi. Jike wa manyoya marefu hutoa nakala mbovu tu, lakini shume mwenye nakala mbili nzima humpa kila mtoto nyapara mmoja. Dalali aliposimuliwa hayo alisema kwamba baba ameharibu mzigo. Advansi zilirudishwa, ile ya kwacha kwa bei ya siku hiyo, ambayo ilikuwa imepanda, na watoto wakagawiwa bure kwa wauza mahindi, kila mmoja na jeni yake iliyonyamaza.