Kabla Hujaandika "Oda Zipo"

Umepika pilau kwenye shughuli ya jirani, watu wamejiramba vidole, na shoga yako amekushika mkono akisema, "Mwenzangu, wewe ungeuza hiki chakula ungekuwa mbali!" Usiku huohuo umepiga picha ya sahani, umeiweka kwenye stetasi na chini yake umeandika: "Oda zipo, tunaleta mpaka mlangoni." Ifute kwanza. Tuongee.

Sifa za shughulini hazifungui biashara. Waliokusifu walikula bure, na chakula cha bure hakijawahi kuzidi chumvi. Anayetaka kujua kama anaweza kuuza apeleke sahani kwa watu wasiomjua, kwa bei kamili, kisha asubiri. Wale watakaomtafuta tena wenyewe, bila kubembelezwa, ndio wateja. Wengine ni wageni wake, na awapende hivyohivyo.

Ukishapata wateja, kaa upige hesabu. Hapa nitachukua muda, kwa sababu wapishi hodari wengi hushindwa kwenye karatasi kabla ya kushindwa jikoni. Chukua vitumbua. Mchele, nazi, sukari, hiliki, hamira na mafuta kila mtu anavikumbuka. Vinavyosahaulika ni mkaa au gesi, kusagisha, maji, nauli ya sokoni, vifungashio, makato ya kutoa fedha kwenye simu, na vile vitumbua vya mwanzo vinavyong'ang'ania chuma. Tuseme vyote kwa jumla vimekula shilingi 14,000 na umepata vitumbua 80. Kimoja kimekugharimu shilingi 175, nawe unakiuza 200. Faida ya asubuhi nzima, tangu saa kumi alfajiri, ni shilingi 2,000. Watoto wanaamka, wanachukua sita. Shemeji anapita kusalimia, anachukua vinne vya kuonja. Kumi mara 200 ni 2,000. Umeamka gizani, umevuta moshi, umefanya kazi bure, na shemeji ameondoka akisema safari hii sukari imepungua.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya jiko linalouza haina huruma: ndugu ananunua. Ukitaka kumpa shemeji, mpe, ni ndugu yako na ukarimu ni jambo jema. Ila toa shilingi 800 kwenye pochi yako mwenyewe uzitie kwenye kopo la biashara, mbele yake ikiwezekana. Watoto watengewe vyao kabla hujaanza kuhesabu vya kuuza, na gharama yake iingie kwenye matumizi ya nyumbani. Na kama faida ya shilingi 25 kwa kitumbua haikutoshi, pandisha bei au punguza gharama. Usipunguze nazi kimyakimya. Mteja wa vitumbua ana ulimi, na hatakuambia amegundua. Atahamia kwa jirani tu.

Daftari nalo si pambo. Mtu anayeuza vitumbua 80 kwa siku kwa bei hiyo, siku sita kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka, anafikisha mauzo ya shilingi milioni 4.8. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vilivyoanza Tanzania mwaka 2019, mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 4 lakini yasiyopita milioni 7 alipaswa kulipa shilingi 100,000 kama hana kumbukumbu za kueleweka. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kwa muuza vitumbua wetu hiyo ni shilingi 24,000. Daftari la kurasa mia na kalamu vimemwokolea 76,000. Na bado kuna watu wanaosema hesabu zao ziko kichwani.

Sasa turudi jikoni, ambako hatari ni kubwa kuliko hasara. Pilau uliyosifiwa ililiwa ikitoka motoni. Pilau ya oda haina bahati hiyo. Umeipika usiku kwa sababu mteja anaitaka saa sita mchana, umeiacha kwenye sufuria kubwa imefunikwa vizuri, na asubuhi utaipasha. Hapo ndipo mkosi unapoingia. Ndani ya mchele mbichi mara nyingi huwamo bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye hujigandisha katika hali ngumu inayostahimili kuchemshwa. Wali ukipoa polepole ndani ya sufuria nzito, bakteria huyo huamka, huzaliana na kuacha sumu, na sumu ile inayoleta kutapika haitoki hata ukipasha chakula mpaka kifuke moshi. Kupasha hakurudishi usalama uliopotea usiku.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2, na linaonya kuhusu joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, ambamo vijidudu hustawi. Dar es Salaam na Mombasa, mwezi Februari, jiko zima liko humo hata moto ukiwa umezimwa. Dawa yake unayo tayari ukutani: sinia. Mwaga wali kwenye masinia, utandaze uwe mwembamba, upoe upesi, kisha uingie kwenye friji. Huna friji? Basi pika alfajiri na upeleke ukiwa wa moto, au usichukue oda hiyo. Vilevile mbaazi za nazi. Tui huchacha haraka kuliko mpishi anavyopenda kukubali, na kuongeza ndimu ili kuficha uchachu ni kumdanganya mtu kuhusu tumbo lake mwenyewe.

Mikono nayo ina mambo yake. Kidole chenye kidonda au jipu hakikandi unga wa mahamri, hata kama ndicho kidole kinachojua kukanda kuliko vyote jijini. Bakteria wa usaha nao huacha sumu isiyokufa kwa kupashwa. Mwenye kuharisha apumzike. Siku hizi wapo wanaovaa glovu ili wapigwe picha, kisha kwa glovu ileile wanapokea noti, wanashika simu, wanamfuta mtoto makamasi na kurudi kupanga sambusa. Glovu iliyopokea noti ni chafu sawasawa na mkono uliopokea noti. Sabuni na maji yanayotiririka vinashinda picha hiyo.

Maji yenyewe yachemshwe au yatibiwe, hasa ukiuza juisi ya ukwaju au barafu za watoto, kwa sababu vitu hivyo haviendi motoni tena. Waliokuwa Dar es Salaam Agosti 2015, kipindupindu kilipoibuka na baadaye kusambaa mikoani, wanajua jinsi biashara ya juisi na matunda yaliyokatwa inavyokuwa ya kwanza kuzuiwa. Aliyekuwa akichemsha maji alizuiwa pamoja na asiyechemsha. Uchafu wa jikoni mwa mmoja hufunga meza za mtaa mzima.

Kuna bidhaa moja inayonitia hofu kuliko zote, na inauzwa kwa upendo mwingi: unga wa lishe. Mama anasaga mahindi, mchele, soya, ulezi na karanga, anafunga kilo moja moja na kuandika "kwa afya ya mwanao". Karanga na mahindi ndiyo mazao yanayoshikwa zaidi na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Kenya, mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliwafanya watu 317 waugue na kuua 125. Tanzania, mwaka 2016, Dodoma na Manyara, waliugua 68 na kufa 20. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga wala kwa kusaga, na ikishasagwa huioni tena. Anayesaga ndiye mtu wa mwisho anayeweza kuizuia. Nunua nafaka kavu, zichambue punje kwa punje, tupa karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Usizitenge kwa ajili ya kuku. Mimi ningeenda mbali zaidi: uza unga wa nafaka moja au mbili, na karanga mama wa mtoto aziongeze mwenyewe wakati wa kupika. Unga wenye karanga ndani huvunda upesi, na hizo nafaka saba zinazotangazwa kwa mbwembwe hazimpi mtoto nguvu mara saba.

Kuhusu kufungasha, kwa kifupi: gazeti ni la kusomwa. Wino wake haukutengenezwa kuliwa, na kitumbua chenye mafuta huunyonya vizuri mno. Mfuko wa plastiki wa kubebea nao Kenya ulipigwa marufuku Agosti 2017 na Tanzania Bara Juni 2019, hivyo tafuta mifuko ya karatasi au vyombo vya chakula. Kama unauza achari, ubuyu au unga, weka lebo yenye jina la bidhaa, vilivyomo, uzito, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi na namna ya kukupata. Uzito uwe wa mizani. "Kilo" inayopimwa kwa kopo lililobonyea ni wizi mdogo unaorudiwa kila siku.

Na serikali? Wauzaji wengi wa nyumbani wanamkwepa bwana afya kana kwamba anakuja kuposa. Mfuate ofisini kwenye kata yako kabla hajakufuata. Atataka kuona choo, maji, mahali pa kutupia taka, na cheti cha kupimwa afya, ambacho mhudumu wa chakula anapaswa kukihuisha kila baada ya miezi 6. Kwa bidhaa za kufungasha Tanzania Bara, usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mwaka 2019, na mjasiriamali mdogo huanzia Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) kuchukua barua ya utambulisho ndipo apeleke sampuli zake zipimwe. Zanzibar kuna wakala wake wa chakula na dawa; Kenya utaanza na afisa wa afya wa kaunti, na bidhaa za kufungasha zitakupeleka kwa shirika la viwango la huko, KEBS. Mlolongo huu unachosha, nakubali, na ungeweza kurahisishwa. Lakini majibu ya maabara ndiyo ushahidi pekee utakaokuwa nao siku mtu akikunyooshea kidole.

Na siku hiyo huenda ikafika hata kwa msafi. Simu italia: "Dada, tangu tule ile biriani yako watoto wanatapika." Usijibu kwamba wengine wote wamekula na hawajaumwa. Usiulize walikula nini kingine. Waambie waende hospitali sasa hivi, simamisha kuuza, tunza kwenye friji sahani moja ya chakula kilichobaki ili kiweze kupimwa, kisha fungua daftari la oda na umpigie simu kila aliyenunua siku hiyo, mmoja mmoja, umwambie asikile na fedha yake itarudi. Asiyeweza kupiga simu hizo asiuze chakula.