Sifa za Mheshimiwa Konokono

Upepo una bahati: hupewa jina. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa bado kiko baharini, pwani nzima ilishakijua. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa inatangaza kila kukicha, boti za Unguja zikasimama, na sisi wa Dar es Salaam tukawa tunawaombea dua watu wa Mafia. Kulipopambazuka majirani wakapeana pole juu ya ukuta: mpapai chali, migomba imelala na mikungu yake michanga, bati la banda la kuku limeangukia kwa watu. Kazi ya usiku mmoja, sifa za miaka. Lindi hadi leo wanakitaja cha 1952, na Unguja haijakisahau cha 1872 kilichong'oa mikarafuu.

Mimi namsifu aliyekuja baadaye, asiyetangazwa na mtu.

Maana upepo, tuseme ukweli, ni fundi wa kulipua. Huvunja vikubwa vinavyoonekana, kisha huyoo, umekwenda zake. Mchicha, matembele, bamia changa, miche ya nyanya iliyoinama kidogo tu, vyote huviacha. Konokono hana uzembe huo. Hufika giza likiingia na ardhi ikiwa bado mbichi, hukagua tuta kwa tuta, na alichokianza hukimaliza. Hata ule mgomba ulioanguka, ambao mwenye bustani bado anaulilia, yeye ameshaugeuza nyumba ya wageni. Chini ya kigogo kinachooza pana giza, maji na chakula. Kibinue mchana uone ukoo mzima umejipanga, babu hadi kitukuu.

Mmulike kwa tochi, umsogelee. Pembe nne zinachomoza: mbili ndefu zenye macho nchani, mbili fupi za kunusia mbele ya njia. Mdomo unatua juu ya jani, na ulimi wenye vijino maelfu unalikwangua kama tupa, taratibu, bila pupa. Mtaa ukinyamaza utausikia mkwaruzo. Asubuhi jani limebaki mishipa, na njia ya ute inang'aa kutoka tutani mpaka ukutani. Ndiyo, ukutani, kwa sababu baada ya mboga hupanda kulamba chokaa ya kujengea gamba lake, huku baba mwenye nyumba akiilaumu mvua kwa rangi inayobanduka. Hachagui chakula: mimea anayojulikana kuila inapita aina 500. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Na familia yake ni ya kupigiwa mfano. Kila mmoja ni dume na ni jike, kwa hiyo hakuna kesi ya mahari wala mshenga. (Ndiyo sababu sijui nimwite Bwana au Bibi, Mheshimiwa inatosha.) Huweza kutaga mayai 200 na zaidi kwa mkupuo mmoja, akayafukia kwenye udongo laini, ule ule ulioutifua na kuumwagia mbolea kwa ajili ya bamia. Kiangazi kikija hajisumbui. Hujifungia ndani ya gamba, huziba mlango kwa utando mkavu, akalala miezi hata mvua imwamshe.

Asije mtu akamdharau kwamba ni wa uani tu. Huyu ni mzaliwa wa pwani hii hii ya Afrika Mashariki, na simjui Mswahili aliyetembea kumpita. Alifika Mauritius. Kutoka huko, mwaka 1847, mpenzi wa konokono aitwaye William Benson alimchukua hadi Calcutta, akaishia kuachiwa bustanini. Mwaka 1966 kijana mmoja aliingia Miami na konokono watatu kutoka Hawaii. Bibi yake akawatoa nje. Baada ya miaka saba walikuwa zaidi ya 18,000, na Florida ikatumia miaka kama kumi na dola milioni 1 kuwamaliza. Mwaka 2011 wakaonekana tena. Zamu hii waliletewa mbwa waliofundishwa kuwanusa, na mwaka 2021 wakatangazwa wamekwisha. Juni 2022, kaunti ya Pasco, huyo! Wenzetu wanamtengea bajeti. Sisi tunampiga kandambili.

Polinesia ya Ufaransa wao walijifanya wajanja. Miaka ya 1970 walimletea konokono mwingine, mla konokono, ammalize. Mgeni akawaona konokono wadogo wa kienyeji ni watamu zaidi, akawala hadi aina kadhaa zikatoweka duniani. Mheshimiwa wetu akaendelea na bustani.

Hapa nyumbani kila jirani ana dawa yake. Chumvi kwenye tuta inamuua, ila na tuta linakufa. Majivu ya jikoni yanamzuia vizuri sana, mpaka mvua inyeshe, na yeye hutoka mvua ikinyesha. Vidonge vya duka la pembejeo humwangusha kweli, lakini vinaweza kumwangusha na mbwa wa jirani, halafu uanze kutafuta wa kuwasuluhisha. Kinachobaki ni kumwokota usiku, mkono ukiwa ndani ya mfuko wa nailoni, kwa kuwa hubeba minyoo ya panya inayoweza kumfikia mtu hadi kwenye ubongo. Na mboga aliyoipitia ioshwe majani yote, moja moja.

Bata nao humheshimu kwa namna yao: konokono wachanga huwameza wazima wazima, bila hotuba. Konokono wakubwa wanaingia ndoo ya maji ya chumvi, mbali na matuta. Magamba nayachemsha, nayatwanga, nawachanganyia kuku kwenye pumba, wasitage mayai yenye ganda laini.